Nadhiri Aliyoiweka kwa Vinywa Vyetu

Nianze kwa kusema wazi, nisije nikaeleweka vibaya: mimi nyama siililii. Kama ni kwa tumbo langu tu, nipe ugali wa mtama, choroko zilizoungwa kwa karanga, na pembeni nsansa, yale majani ya kunde ninayoyakausha mwenyewe juani, nami sitauliza kama leo kijijini kumechinjwa. Hasira yangu si ya nyama. Hasira yangu ni ya mtu kuuchukua mdomo wangu na midomo ya wanangu, akaenda kuitoa altareni bila kuniuliza hata neno moja.

Mtu huyo ni mume wangu, Dionis. Ni katekista, na njia nzima, kuanzia kwetu karibu na Kipalapala mpaka kule msitu unakoelekea Ipole, watu wanamwita Mwalimu. Njia yenyewe ndiyo ile ya zamani ya misafara, waliyopita wapagazi na pembe mabegani. Siku hizi anapita Dionis na baiskeli yake. Alikabidhiwa vigango vitano, vikanisa vya nyasi ambako padri hufika mara moja kwa miezi mitatu. Padri akishaondoka, ni Dionis anayefundisha dini, anayezika, anayepatanisha mke na mume. Kupatanisha mke na mume! Haya.

Mtoto wetu wa kwanza, Hilari, alipopokelewa seminari kuu ya Kipalapala, nilifurahi mpaka nikaunguza ugali. Ilikuwa mwaka mmoja kabla ya vita ya Hitla. Jumapili iliyofuata, kanisani kwetu, Dionis akasimama mbele ya watu wote, akanyoosha mikono.

"Mimi na nyumba yangu," akasema, "hatutaonja nyama, wala kuku, wala samaki, wala yai, mpaka siku mwanangu Hilari atakapotoa misa yake ya kwanza."

Watu wakashangilia. Nami nilipiga vigelegele, ndiyo, mimi Eustadia, sitajificha. Nilikuwa nimeketi upande wa wanawake, binti yangu Josepha ubavuni, ana miaka kumi na mmoja, naye akapiga vigelegele kwa kuniiga. Ulimi wangu ulitangulia akili siku ile.

Akili ilifika tulipokuwa njiani kurudi nyumbani.

"Baba Hilari," nikamwuliza, "hiyo ni miaka mingapi?"

"Minane, Mungu akipenda."

"Na samaki je? Mbona mapadri wenyewe Ijumaa wanakula samaki?"

"Mapadri wameshatoa vya kwao. Sisi tuzidishe kidogo."

"Na yai? Yai lina kosa gani?"

"Yai ni kuku ambaye hajaamka," akasema, akacheka peke yake. Alipenda sana maneno yake mwenyewe. Maziwa alituachia, lakini kwetu kuna mbung'o, ng'ombe hakai, kwa hiyo alitupa ruhusa ya kitu ambacho hatukuwa nacho.

Sasa nitasema kweli nyingine, maana sitaki kumwonea mtu. Miaka sita ya mwanzo tuliishi vizuri. Tena vizuri sana. Nililima kunde, choroko, maharage, njugu mawe na karanga, na kila mahali pembeni nilipanda maboga. Mbegu zake nilikaanga nikatwanga, nikaungia mboga. Mvua zikianza nilikuwa wa kwanza msituni kuokota uyoga. Kisamvu nilikipika mpaka kikaiva kweli, si hiki cha siku hizi kinachokwaruza koo. Ukwaju, asali, matembele, ufuta, hakuna nilichokiacha. Jirani yangu Pelagia alikuwa akinitania kila akipita.

"Mama Hilari, leo mmechunga upande gani?"

"Shambani kwa mumeo," namjibu. "Ndiyo maana hana mavuno."

Tulicheka. Surua ilipopita kijijini, Josepha aliinuka kabla ya watoto wa wala mbuzi. Alirefuka, meno meupe, nywele nyeusi. Mikono yangu ilikuwa na nguvu, jembe nililiinua mpaka jua la saa sita. Kwa hiyo anayesema majani hayalei mtu asiniletee mimi habari hiyo. Yanalea, ila uyajue, na uwe nayo ya kutosha, na asije mtu akakunyang'anya yale yenye nguvu akakuachia ya kuteleza.

Josepha akaolewa. Alimpata Silasi, kijana mpole wa reli, wakaenda kukaa kituo kimoja njia ya Mwanza. Huko kwa mumewe nyama ilikuwepo. Hakuila. Mwaka mzima yuko kwa watu, hakuna anayemwona, lakini mtoto yule alishika nadhiri ya baba yake kama yuko chini ya paa letu. Aliponiletea habari hiyo nilimsifu. Nilimwambia, wewe ndiye binti wa nyumba hii kweli. Nikikumbuka sifa zile natamani kujing'ata.

Mwaka wa saba mvua zikakatika mapema. Tulivuna kidogo, lakini tulivuna. Mimi nilijua namna ya kukinyoosha kile kidogo. Dionis akaja na mpango wake.

"Mwakani ni misa ya Hilari," akasema. "Vigango vyote vitano vitakuja hapa. Tutawalisha nini? Maharage yote, choroko zote, karanga zote, viingie kihengeni. Asiguse mtu."

"Na sisi?"

"Muhogo upo. Mlenda upo."

Akakijaza kihenge, akakiziba mdomo kwa udongo na samadi aliyoiagiza mbali, akachora msalaba wa majivu juu yake. Nilijiambia muhogo unajaza, mlenda unateleza, mwaka utapita. Kweli tumbo lilijaa. Ndiyo ubaya wa muhogo mtupu, unakushibisha huku unakusahau.

Katika hali hiyo Josepha akaja kujifungua. Kwetu mimba ya kwanza huzaliwa kwa mama, mke hurudishwa mapema ili atunzwe na mikono iliyomzaa. Alishuka na mzigo wake, mimba ya miezi sita, Silasi kamsindikiza na kuondoka. Kutunzwa! Nikamtunza kwa muhogo na mlenda, asubuhi uji wa muhogo, jioni ugali wa muhogo. Yeye hakulalamika. Kila nikimtazama anatabasamu, ila tabasamu lenyewe linachelewa kufika.

Siku moja nilikwenda nyuma ya nyumba kutafuta kuni, nikaona kichuguu kimechokonolewa. Pametobolewa tundu, mtu anaingiza mkono na kutoa udongo wa ndani, ule mlaini. Nikadhani ni watoto. Kesho yake nikamkuta Josepha amechuchumaa pale, mdomo mwekundu, anatafuna.

"Unakula udongo?"

"Natamani tu, mama. Mwenye mimba si hutamani?"

Mwenye mimba hutamani, ndiyo, hata mimi niliramba udongo nikiwa na Hilari. Lakini kuramba si kushiba. Nilimshika mkono nimwinue, na alipoinuka akayumba, akanishika shingo kwa mikono miwili. Mikono ilikuwa ya baridi, saa saba mchana, jua limesimama.

Nikampeleka kwa Mfaume. Huyu alikuwa dresa, mtu wa Kanyenye pale mjini Tabora, kaletwa kufungua zahanati upande wetu. Mtu wa maneno machache na makali. Alimvuta Josepha kope ya chini, akatazama. Akamfungua viganja. Akaniita nami nitazame. Ndani ya kope hapakuwa na wekundu, palikuwa peupe.

"Anakula nini huyu?"

Nikamwambia. Nikamweleza na habari ya nadhiri, miaka saba, hakuna nyama, samaki wala yai. Nilitegemea atapiga kelele juu ya nyama. Hakupiga.

"Miaka sita mlikula kunde na choroko na karanga, mkawa wazima," akasema. "Umeniambia mwenyewe. Kwa hiyo usiniambie ni nyama. Hizo mmeziondoa lini, hizo kunde na choroko?"

"Tangu mavuno."

"Ndiyo hapo. Mtu anaweza kuacha nyama akaishi. Mtu hawezi kuacha nyama, akaacha na maharage, halafu akabeba mtoto wa watu tumboni. Mtoto anakunywa damu ya mama. Mama ataitoa wapi, kwenye muhogo?" Akafungua sanduku lake la dawa, akanionyesha chupa tupu. "Vidonge vya damu vimekwisha, vita imevichukua. Sasa hivi, kwa haraka, mpe maini. Maini, nyama, mayai, hizo ndizo njia ya mkato. Hakuna, basi mpe kunde, choroko, karanga, na majani ya kijani kibichi kila siku, na ukwaju juu yake, ukali unasaidia. Lakini hiyo ni njia ndefu na wewe umebakiwa na miezi miwili. Akizaa na damu hii," akasema, akamtazama Josepha, akanivuta nje, "akizaa na damu hii akatokwa damu kidogo tu, hatakuwa na ya kubaki nayo. Umenielewa, mama?"

Nilimwelewa. Nilirudi nyumbani nikihesabu hatua za mwanangu.

Jioni nikamweleza Dionis. Alisikiliza, akashika rozari yake, akatikisa kichwa kwa huzuni. Ile huzuni yake ya mazishini, ninaijua.

"Imebaki mwaka tu," akasema. "Shetani anapenda kuja mwishoni. Tukivunja sasa, Hilari akafukuzwa, utauweka wapi uso wako?"

"Basi tufungue kihenge."

"Kihenge ni cha Bwana."

Ajabu ni kwamba niliogopa. Nilimwogopa Mungu wa Dionis. Nikasema nitafute njia ya katikati, nikaombe choroko kwa watu. Kigango chetu cha tatu, mwendo wa nusu siku, mvua ilikuwa imewakubali, na huko alikaa mjane mmoja, Koleta, mama wa kanisa, ambaye nyumbani kwake ndiko Dionis anakofikia akisafiri. Nilijifunga kanga, nikaondoka asubuhi.

Koleta alinipokea kwa furaha nyingi. Akanipa maji, akanipa kigoda.

"Mama Mwalimu mwenyewe! Leo kuna baraka hapa. Mwalimu wetu hajambo? Yule mtu hana makuu, yule. Nampikia kuku kila akija, na firigisi namwekea juu ya sahani, maana nyumbani kwangu mwanamume mwenye heshima ndiye anayepewa firigisi. Anaanza nayo hiyo! Wa kigango cha pili wanampikia na mbuzi, najua, ila ananiambia mwenyewe, Koleta, kuku wako hawana mfano."

Nikamwuliza taratibu, "Tangu lini?"

"Tangu anaanza kuja! Mtu huyu hajawahi kuniachia kitu sahanini."

Jamani. Mtu akikuibia unakasirika. Mtu akikudanganya unakasirika. Lakini mtu akikufungisha wewe na watoto wako miaka saba, huku yeye kila wiki anaanza na firigisi, hiyo hasira haina jina. Koleta anaendelea kusema na mimi naona midomo yake tu. Nilisimama, nikaaga, nikaondoka. Nilikuwa nimeshatembea saa nzima ndipo nikakumbuka kwamba sikuomba choroko nilizozifuata. Nikakaa chini pale njiani nikalia kwa hasira, halafu nikaendelea.

Dionis alirudi Jumamosi. Nilimsubiri mlangoni, hata baiskeli sikumwacha aiegemeze.

"Firigisi ya Koleta ni tamu?"

Uso wake ulibadilika, halafu ukajipanga upya. Mwalimu huyo, hakosi la kusema.

"Mama Hilari, mgeni akikataa kuku aliyechinjiwa, amemtukana mwenyeji. Wewe unajua mila zetu. Niwatukane Wakristo wangu?"

"Vigango vitano. Miaka saba."

"Nilikula kwa ajili ya kazi ya Mungu."

"Na Josepha asile kwa ajili ya damu yake? Wewe ndiye unayefundisha kwamba mwenye mimba na mgonjwa hawafungi hata Kwaresima! Nimekusikia kwa masikio yangu, umesimama pale mbele na kidole juu!"

"Kwaresima ni amri ya Kanisa. Hii ni nadhiri, na nadhiri niliiweka mimi."

"Kumbe unajua uliiweka wewe! Basi ungeishika wewe! Ungekula mlenda wewe, mimi na mwanangu tukala kuku! Ulitoa nini wewe, Dionis? Niambie kitu kimoja ulichotoa!"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita jina lake tangu tuoane. Akanitazama kama nimemtemea mate, akaingia ndani akafunga mlango.

Mimi nikaenda kwa Pelagia. Mumewe alikuwa amechinja mbuzi asubuhi ile. Nikasema, nipe ini. Nilitegemea atanicheka, na angekuwa na haki, miaka saba ya utani wa malisho. Pelagia alinitazama usoni tu, akaingia jikoni, akatoka na ini zima amelifunga kwenye jani la mgomba. Namheshimu mpaka leo.

Nililipika na chumvi na kitunguu, nikalikata vipande vidogo, nikampelekea Josepha kitandani. Alinusa kabla hajaona. Akafunga mdomo.

"Kula, mwanangu."

Akatikisa kichwa.

"Nadhiri imekwisha. Baba yako anakula nyama kila wiki. Mimi mama yako ninakwambia, kula."

"Baba ni baba," akasema. "Mimi niliahidi. Nikila, Hilari akakosa altare, itakuwa ni mimi. Nitawezaje kumtazama?"

"Hukuahidi! Ulikuwa mtoto, ulipiga vigelegele!"

"Mama," akaniambia kwa upole, "si wewe uliyenifundisha?"

Ndiyo, nilikuwa mimi. Alikuwa na miaka kumi na miwili, harusini, akadokoa ubavu wa mbuzi kwenye sinia ya watu. Nilimzaba kofi mbele ya wote, nikamtia kidole mdomoni, nikamtemesha. Nilijiona mama mwema. Kofi lile lilikaa ndani yake miaka yote, limefunga mdomo wake kuliko maneno yote ya baba yake, na sasa nimekaa na sahani ya ini nashindwa kuufungua. Nilimsihi. Nilimtisha. Nilijaribu kumsogezea kipande midomoni kama mtoto, naye akageuza uso ukutani, machozi yanatiririka, mdomo umefungwa. Nikaiweka sahani chini. Siku ile nilimchukia Dionis, nikajichukia na mimi.

Basi nikainuka. Kama mwanangu hali nyama, atakula kile ambacho nadhiri haikukataza, na kile kilikuwa hatua kumi kutoka kitandani kwake, kimezibwa kwa samadi. Nikachukua jembe. Pigo la kwanza ule msalaba wa majivu ukapasuka katikati. Dionis akatoka mbio.

"Mama Hilari! Hiyo ni ya sherehe! Ni mali ya Bwana!"

"Bwana aje aidai kwangu," nikasema. "Nipo hapa, sihami."

"Watu watasema nini?"

"Sogea, jembe lisikupate."

Akasogea. Maharage yakamwagika miguuni pangu, choroko, karanga, kunde, nikakinga kwa kanga yangu. Kuanzia siku ile nikawa na kazi moja tu duniani. Asubuhi uji wa mtama wenye karanga zilizosagwa. Mchana choroko au kunde, na majani ya kijani, kisamvu, matembele, mchicha, nsansa, kila siku bila kukosa, na maji ya ukwaju pembeni. Jioni njugu mawe zilizochemshwa. Nilimlazimisha. Nilikaa mpaka sahani iwe tupu. Dionis alipita uani akinuna, akaniombea kwa sauti ili nisikie. Nilimpikia muhogo na mlenda. Yeye peke yake.

Wiki ya tatu Josepha akaacha kwenda kichuguuni. Wiki ya tano mikono ikapata joto. Nikampeleka kwa Mfaume, akavuta kope, akatazama muda mrefu.

"Pana rangi kidogo," akasema. "Si ya kutosha. Ungeanza mwezi mmoja kabla, ningelala usingizi. Uchungu ukianza, nitume habari, usisubiri."

Uchungu ulianza alfajiri, mtoto akatoka saa sita mchana, msichana, analia kwa nguvu. Halafu damu ikaja. Sitasimulia damu ile. Mfaume alikuwa amefika na baiskeli, amekunja mikono ya shati, anakandamiza tumbo la mwanangu kwa mikono miwili, jasho linamdondoka puani, na mimi nimeshika miguu ya Josepha, ninaisikia inapoa. Sikuomba. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba sikupata maneno ya kuomba. Nilisema tu, usithubutu, usithubutu, sijui nilikuwa nasema na nani.

Damu ikasimama.

Mfaume aliketi chini sakafuni. Baadaye akaniambia, "Mama, angezaa na ile damu niliyoiona siku ya kwanza, saa hizi ningekuwa nakupa pole. Hizo kunde zako zimempa kijiko kimoja cha kubaki nacho. Kimoja tu." Akanawa mikono, akaondoka.

Siku ya nne wazee wa vigango wakaja kutoa hongera. Walikuwa watatu, na Koleta yumo. Wakakaa ndani, Josepha kalala kitandani, mweupe midomo, hawezi hata kuinua kichwa. Dionis alikuwa amevaa kanzu yake ya Jumapili. Akamchukua mjukuu wake mikononi, akasimama katikati ya chumba, na nikauona ule uso wake wa altareni unaingia.

"Ndugu zangu," akaanza, "mmeona wenyewe. Mungu ameitazama nadhiri yetu, akamwokoa binti yangu."

Nadhiri! Nilidhani nimesikia vibaya. Mwanamume huyu, niliyebomoa kihenge mbele ya macho yake, anampa nadhiri uhai wa mwanangu!

"Kwa shukrani," akaendelea, akamwinua mtoto juu kidogo, "namtoa na huyu. Akikua atakuwa mtawa. Na mpaka siku ile atakapovaa shela, mimi na nyumba yangu hatuta..."

Sikumwacha amalize. Nilivuka chumba nikamziba mdomo kwa kiganja, mbele ya wazee, mbele ya Koleta. Nilikandamiza mpaka nikasikia meno yake. Nilikuwa na mengi ya kusema, nilikuwa nimeyapanga miezi miwili, ya firigisi na ya mbuzi wa kigango cha pili, wote wayasikie.

Lakini aliyesema ni Josepha.

"Mama."

Tukageuka wote. Alikuwa ameinua kichwa, sijui kwa nguvu gani, anamtazama baba yake, si mimi.

"Nipe mtoto wangu," akamwambia.

Dionis akamtazama. Nikatoa kiganja changu. Akainama akamrudishia. Josepha akamweka mtoto kifuani, akamfunika na kanga, mkono juu ya kichwa chake kidogo.

"Mama," akasema tena, "nataka nyama. Nataka kuku."

"Josepha," Dionis akasema kwa sauti ya chini, "na Hilari je?"

"Hilari ana mdomo wake. Na huyu ana wake. Mama, nataka sasa hivi."

Nilitoka uani, nikakamata jogoo wa kwanza aliyepita karibu, sikuuliza ni wa nani. Kwetu mwanamke hachinji ikiwa mwanamume yupo nyumbani. Nikamrudisha jogoo ndani anapigapiga mabawa, na kisu mkono mwingine, nikasimama navyo mbele ya Mwalimu.

"Chinja."

"Mama Hilari, mbele ya wageni..."

"Chinja, Dionis. Binti yako ana njaa."

Aliwatazama wazee. Wazee walitazama chini. Alimtazama Koleta, na Koleta, ambaye sasa alikuwa ameanza kuelewa, alikuwa amejifunika mdomo kwa kanga. Akachukua kisu. Ilimbidi akate mara mbili, kanzu ya Jumapili ikarukiwa damu. Mimi na Koleta tukanyonyoa.

Nilichemsha mpaka nyama ikalainika, nikaanza na mchuzi, maana tumbo la miaka saba haliamshwi kwa haraka. Nikakaa kitandani, nikamshika kichwa. Aliufungua mdomo mwenyewe. Alikunywa kikombe kizima, akatapika chote kwenye kanga yangu, akafuta midomo, akaomba tena.